Mnyama Anayekula Kisamvu

Kisamvu cha Bi Ghalia kilikuwa na jina mji mzima wa Birkat al-Mauz, huko Oman, na jina hilo hakulipata kwa kupika tu. Wapishi walikuwapo wengine. Jirani yake Fawziya, aliyekulia Mwanza, alikuwa na mkono mzuri wa nazi na hakuwa na choyo ya pilipili. Ila kisamvu cha Fawziya kilikuwa mchicha wa sokoni uliovishwa nguo za kisamvu, na kila aliyekila alijua na akanyamaza kwa adabu. Cha Bi Ghalia kilikuwa kisamvu hasa, majani ya muhogo yaliyotwangwa kinuni, na zaidi ya hayo kilitoka Unguja.

Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya sala, wanawake wa koo zilizorudi kutoka Afrika walikusanyika kwake, naye alikuwa akifunua sufuria taratibu, kama anayefunua uso wa bibi harusi, akasema, "Kaka yangu Zahor kaniletea. Kimefika jana na ndege. Shamba la marehemu baba hilo, halijanisahau." Wanawake walivuta harufu, wengine wakafuta macho, na Fawziya akauliza swali lake la kila wiki: inakuwaje majani yapande ndege mbili na yashuke bado yana umande? Bi Ghalia alimjibu kwamba majani ya Unguja si majani ya Mwanza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kweli yenyewe ilikuwa nyingine. Zahor hakuwa amemletea dada yake hata salamu tangu walipoagana bandarini mwaka wa sitini na nne. Kisamvu kilitoka kwenye ufa wa jabali nyuma ya mashamba ya migomba, pale ambapo mlima wa Jabal Akhdar huanza kupanda na maji huchuruzika mwambani mwaka mzima. Jamaa mmoja aliyepitia Mombasa alimletea vijiti vya muhogo kavificha ndani ya viatu vyake vya sikukuu, na Bi Ghalia akavipanda huko kimya kimya, si kwa ubaya, ila aliogopa visishike na watu wakamcheka. Vikashika. Siku ya kwanza alipopakua, wageni waliuliza kimetoka wapi. Alifungua kinywa aseme nimekipanda, ulimi ukamtangulia ukasema Zahor. Wote walilia siku ile, na Fawziya ndiye aliyelia zaidi. Walimtazama Bi Ghalia kama mtu ambaye bado ana kwao, bado ana mtu wa kumkumbuka, na yeye akaona utamu wa kutazamwa vile umeshinda utamu wa kisamvu. Tangu hapo hakuona tena pa kurudi nyuma.

Basi kila Alhamisi asubuhi, wenzake wakiwa falajini, kwenye mfereji wa maji ya mji, wanafua, Bi Ghalia alichukua kikapu akapita nyuma ya migomba. Miguuni alivaa mitalawanda. Kwa asiyeijua, mtalawanda ni kiatu cha mti: kibao kilichochongwa kwa umbo la mguu, chini kina visigino viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na juu kina kigingi cha kubana kwa vidole. Alikuja nayo kutoka Unguja, na kandambili za plastiki aliziona viatu vya watu waliokata tamaa. Njia ya ufani ilikuwa na tope, na mitalawanda kwenye tope haizami wala haitelezi. Huacha tu, kwa kila hatua, alama mbili nene zilizokingama, moja nyuma ya nyingine. Jambo hilo halikumpitikia, maana ni nani anayetazama nyuma akiwa na kikapu cha kisamvu kichwani.

Mtazamaji alikuwapo, naye alikuwa mkwewe.

Marzouq, mume wa binti yake Badriya, alizaliwa Bujumbura. Alipokuja kuposa Bi Ghalia hakumkataa, ila alisema, "Si mbaya, lakini wa bara," kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi yanayoweza kupona. Na bara yenyewe ilikuwa ile ambayo hata watu wa bara huiita bara. Huko Burundi Marzouq alifanya kazi katika misitu ya milimani, misitu ambayo majani yake hayapukutiki na ardhi yake haikauki, akiandika kila mti uliokuwapo na kila mguu uliopita chini yake. Kwa ujuzi huo idara moja ya serikali pale Nizwa ilimchukua mwaka wa sabini na nane, achunguze mimea ya mlima na nyayo za wanyama wake. Ilimchukua kwa majaribio. Mkubwa wake, Ustadh Mahrous, mtu mkavu asiyecheka mpaka awe na sababu ya maandishi, hakuwa ameona jambo la kumfanya amthibitishe. Taabu ni kwamba msitu wa Burundi huandika kila kitu kwenye matope, na jabali la Oman haliandiki kitu. Marzouq alipanda na kushuka mawe, akirudi na majina ya vichaka na vidole vilivyochubuka, mpaka Badriya akawa anamwombea mnyama yeyote, hata panya.

Siku alipokutana na tope la ufani, nusura asujudu.

Alirudi nyumbani mchana amekumbatia kitu alichokiviringisha ndani ya kilemba chake. Bi Ghalia alikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Marzouq alikuwa na adabu za wakwe za kizamani: alikohoa mlangoni kabla ya kuingia, akainamisha macho, na katika muda wote alioishi nyumba ile hakuwahi kumtazama mama mkwe wake juu ya ncha za mitalawanda. Ncha hizo alizijua vizuri sana. Chini yake hakuwahi kupaona, na sakafu ya saruji haichukui alama.

"Shikamoo mama," akasema kuelekea jikoni.

"Marahaba, baba," likaitikia pazia, na jicho moja likatokea pembeni.

Marzouq akaweka mezani donge jeupe. "Nimemimina plasta," akamwambia mkewe, "ule unga wa kufungia waliovunjika, kama tulivyofanya kule msituni. Tazama. Hii ni kwato. Lakini kwato ya mbuzi imepasuka kwa urefu. Hii imepasuka kwa mapana."

Badriya akaitazama. Kisha akatazama pazia la jikoni. Akashika ncha ya kanga yake, akaitia mdomoni na kuiuma.

"Mnyama gani?" akauliza alipoweza kusema.

"Hayumo kitabuni. Nimemsoma tangu migombani mpaka anapoingia kwenye mawe. Miguu ya nyuma anaikanyagisha palepale pa mbele, kama paka. Ni jike."

"Umejuaje?"

"Hatua fupi, na nyuma kuzito. Tena zee." Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. "Mguu wa kulia unamuuma, anauburuta kidogo. Hana kundi. Na lazima ni mkali, maana hata mbweha hawathubutu kupita njia yake. Anapanda mwepesi, anashuka mzito, kwa hiyo huko juu anakula, na anakula sana. Pale chini ya mwamba, Badriya, pana majani mabichi yasiyokauka mwaka mzima. Ni msitu, mdogo kama kitanda, lakini msitu. Ndipo anapoishi."

Akashusha sauti. "Nimekwisha kumpigia simu Ustadh Mahrous. Anakuja Alhamisi pamoja na msoma nyayo kutoka Jaalan, tumfuate mpaka anapolala. Akiridhika, atanithibitisha. Asiporidhika, basi tena, kazi imekwisha."

Nyuma ya pazia Bi Ghalia alisimama na mwiko mkononi. Katika yote aliyoyasikia, lililomchoma kwanza ni lile neno zee. Hofu ilikuja baadaye.

Marzouq alipojilaza, Badriya akaingia jikoni na lile donge. Akamvua mamake mtalawanda mmoja, akaugeuza, akaulaza kando ya plasta. Vilikuwa mapacha.

"Mama, wallah, huyu mnyama ni wewe."

Bi Ghalia akaketi juu ya kibao cha mbuzi akamweleza yote, na Zahor ndani yake. Hakulia, maana alikuwa na kitunguu karibu na hakutaka kukisingizia. "Usimwambie, mwanangu," akamaliza.

"Nikimwambia," akasema Badriya, ambaye Kiswahili chake kilikulia Oman, "lazima amwambie mkubwa yake kuwa amemimina plasta kwenye kiatu ya mama mkwe. Watamcheka mpaka Maskati. Nisipomwambia, watafuata mpaka kwenye muhogo yako, na Fawziya atakuwa nyuma yao. Unamjua."

"Fawziya angefuata nzi, seuze mnyama."

"Khalas, chagua."

"Nyayo zikifutika," Bi Ghalia akasema polepole, "hakuna mnyama, na hakuna muhogo."

"Na mume wangu?"

Bi Ghalia akageukia jiko akakoroga sufuria isiyokuwa na kitu.

Jumatano alfajiri, kabla ya adhana ya pili ya majogoo, alichukua fagio la makuti akashuka. Alilifagia tope lile kama marehemu mama yake alivyomfunza kufagia uwanja: mgongo umeinama, mkono wa kushoto nyuma, mbele kwa mbele bila kuacha hata jani. Alianza migombani akamalizia ufani, na kila alama ya kila Alhamisi aliyoikuta mbele yake aliifuta. Kisha akarudi kwa njia ya juu, ya mawe makavu, goti likimlaani na moyo ukiwa mweupe. Hakugeuka kutazama kazi yake. Angegeuka, angeona tope limelainika kama shuka lililopigwa pasi, na katikati yake, moja baada ya nyingine, mpya na safi, nyayo za mitalawanda zikilifuata fagio tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alhamisi ikafika, na pamoja nayo Landrova ya Ustadh Mahrous, aliyeshuka na uso wa mtu aliyenyimwa mapumziko yake. Aliyefuatana naye ni Marhun, mzee wa Jaalan Bani Bu Hassan, ambaye kwa kutazama unyayo wa ngamia hukwambia ni wa nani na mwenyewe yuko mbioni na deni la nani. Mji mzima ulikuwa na habari. Wanaume walisimama njiani wakijifanya wanapita, na wanawake walikaa juu ya ukuta wa shamba la migomba, Fawziya katikati yao. Bi Ghalia alikaa naye bega kwa bega, mitalawanda yake miguuni chini ya baibui, ametulia kabisa. Nyayo hazikuwapo. Alizifagia mwenyewe.

Marhun akainama juu ya tope. Akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka alikuwa amebadilika rangi.

"Audhu billahi," akasema. "Amepita jana. Na ana miguu miwili tu."

Juu ya ukuta, utulivu wa Bi Ghalia ukakatika kama uzi.

"Miwili?" akauliza Ustadh Mahrous.

"Miwili. Na mbele yake anaburuta mkia."

"Mkia uko mbele?"

"Ndiyo maana nakwambia si mnyama. Ni katika wale wenzetu wasioonekana, na mimi sitapiga hatua nyingine."

"Si mkia, Ustadh," Marzouq akaingilia, amepiga magoti penye alama za fagio. "Ni ndevu. Ana ndevu ndefu sana, na akiinama kula zinafagia chini."

Bi Ghalia akajishika kidevu.

Ustadh Mahrous aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa uchovu. "Mmoja ananipa jini, mmoja ananipa ndevu," akasema. "Marzouq, wewe ni mtu mwema. Nitakuandikia barua nzuri. Nizwa kuna shule nyingi zinazotaka walinzi."

Marzouq hakusimama. Alikuwa ameishika ile plasta kwa mikono miwili. "Jina lake silijui, Ustadh," akasema, "na labda hizo si ndevu. Ninachojua ni kwamba anakuja kwa njia ile ile kila mara, peke yake. Mnyama mwenye wenzake hatembei hivi. Kule kwetu nilimfuata paa mmoja aliyebaki peke yake bondeni. Wenzake walikwisha kuuawa, na yeye akaendelea kupita njia yao kana kwamba wako mbele kidogo tu, wanamngoja. Huyu naye ni hivyo hivyo. Hana mtu. Uniandikie barua hiyo, sawa, lakini nakuomba watu wasimwingilie kwa kelele."

Bi Ghalia aliyasikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Miaka yote ile alipakua, akasimulia, akafutwa machozi na majirani, na hakuna aliyejua. Sasa mtu wa bara, tena bara ya mwisho, alikuwa ameyasoma yote kwenye tope, na badala ya kucheka anamwombea. Aliona haya. Kisha akaona uchungu, akamwona na Zahor, kijana wa miaka ile, akipunga mkono bandarini. Na kwa kuwa hakutaka kulia begani kwa Fawziya, akaona afadhali ashuke ukutani.

"Nipisheni," akasema.

Akaingia kwenye tope mbele ya watu wote, baibui kaliinua kidogo, akatembea kwa hatua zake fupi, akiuburura mguu wa kulia, mpaka mwisho wa tope. Hapo akageuka. Nyuma yake zilikuwapo kwato zilizopasuka kwa mapana, safu mbili, na hazikuwa na tofauti na ile ya plasta hata ya unywele.

"Mnyama ndiye mie," akasema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiarabu Ustadh asije akakosa. "Na ndevu sina. Hilo lilikuwa fagio."

Marzouq aliitazama plasta, akaitazama miguu ya mama mkwe wake, akaitazama plasta tena, na damu yote ikampanda usoni.

Fawziya ndiye aliyepata sauti kwanza. "Bi Ghalia, sasa huko juu unafuata nini?"

Angeweza kusema kuni. Angeweza kusema dawa ya goti, na watu wangemwamini. Lakini Ustadh angepanda ufani hata hivyo, na zaidi ya hapo alikuwa amechoka.

"Kisamvu," akasema. "Nimekipanda kwa mkono wangu. Zahor hajaniletea hata jani, Fawziya. Hajaniletea hata salamu."

Ustadh Mahrous akapanda ufani peke yake, akakaa huko kidogo, akarudi na jani la muhogo mkononi. Alimgeukia Marzouq.

"Nisomee tena ulichoniambia kwenye simu."

"Ustadh, tafadhali."

"Soma. Jike, ulisema."

"Jike," Marzouq akanong'ona.

"Sahihi. Mguu wa kulia mgonjwa?"

"Goti," Bi Ghalia akajibu mwenyewe.

"Anapanda mwepesi, anashuka mzito. Kikapu. Sahihi. Hana kundi." Hapo Ustadh alipita haraka. "Mkali?"

Watu wote walitazama chini, na Badriya akaitafuta tena ncha ya kanga yake.

"Sahihi," akasema Ustadh. "Zee?"

"Hapo kakosea," akasema Bi Ghalia.

Ustadh Mahrous akacheka. Dereva wake alisimulia baadaye kwamba hakujua kuwa anaweza. "Mimi nina watu wa vyeti," akasema, "ukiwapa mwezi mzima na kiatu chenyewe mkononi hawatakwambia nusu ya haya. Jumamosi njoo ofisini, Marzouq. Utasaini uthibitisho wako. Ila katika taarifa mnyama huyu tutamwacha, tumwekee heshima yake." Marhun peke yake hakuridhika, na alipanda gari akisema kwamba jini mwerevu ndiyo kawaida yake, hujigeuza mama mtu mzima.

Ijumaa Bi Ghalia alipika kama kawaida, ila mikono haikuwa na furaha. Alijiambia hawatakuja. Walikuja wote, na pamoja nao mgeni, Nunu, naye wa koo zilizorudi, aliyehamia karibuni kutoka mji wa Ibra na alikuwa hajasikia lolote. Sufuria ilipofunuliwa, Nunu akavuta harufu, macho yakamjaa maji. "Jamani," akasema, "hiki kimetoka wapi?"

Ulimi wa Bi Ghalia ulikwisha kushika njia yake ya zamani, na yeye akaushika.

"Kwangu," akasema. "Nimekipanda hapa hapa, nyuma ya migomba."

Wakala. Kilikuwa kitamu kama siku zote, na Fawziya alikula bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wenzake walipoondoka, yeye alibaki akijitia kuosha sahani ambazo zilikwisha kuoshwa.

"Unikatie vijiti viwili vitatu vya muhogo, dada," akasema bila kugeuka. "Mimi pia nina kaka, yuko Mwanza. Hajaniletea kitu siku nyingi."

Bi Ghalia akaenda kuchukua kisu na kikapu. Mlangoni walipishana na Marzouq, aliyekohoa kama ada yake, akasema shikamoo, na akainamisha macho mpaka kwenye ncha za mitalawanda. Safari hii alitabasamu.

"Marahaba, baba," akasema Bi Ghalia. "Tunakwenda ufani. Usitufuate."

Wakapita nyuma ya migomba, Bi Ghalia mbele na Fawziya nyuma na kandambili zake za plastiki, na kila alipotaka kuteleza alimshika mwenzake bega.